Flashi inakubali kila kitu lakini Windows haipigiki, siku ya nne sasa

SteshenariNyegezi
Jumatano, saa 4:12 usiku

Mwadila wakuu. Naombeni msaada kabla sijaitupa hii mashine ziwani.

Nina steshenari ndogo Nyegezi, njia ya kwenda Malimbe. Nachapa, naprinti, natoa kopi, nafunga tafiti za wanachuo. Kompyuta ni moja tu, HP ProBook 640 G1, i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4. Niliinunua ikiwa imetumika na imenilea miaka mitatu bila neno. Sasa mwezi uliopita ikaanza uzito, mteja anamaliza soda nzima ndiyo Word inafunguka. Nikashauriwa nitoe diski ya zamani niweke SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi. Nimenunua ya GB 256, nimeifunga mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani. Skrubu moja imeingia chini ya mashine ya kopi, hiyo nimeshaisamehe. Diski ya zamani ipo kwenye bahasha ya kaki, kazi za watu zote zimo humo, salama.

Shida ni kwamba SSD ni tupu na mimi sijawahi kupiga Windows, yaani kuisakinisha, maishani. Fundi niliyemzoea amehamia Geita. Nikasema hili nalo ni nini, si flashi tu? Hivi ndivyo ilivyokuwa:

Jumapili usiku nilishusha faili la Windows 10 kwa simu, lile la ISO, furushi moja lenye mafaili yote ya Windows, GB 5 na ushee, kwa bando la usiku linalokufa saa 12 asubuhi. Niliamka saa 11 kuchungulia, limefika. Nikalihamishia kwenye laptopu ya mdogo wangu, nikalikopi kwenye flashi mpya ya GB 64, nikachomeka kwenye HP. Kioo cheusi, maandishi meupe, kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, na namba 3F0.

Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ISO inafunguliwa, vilivyomo ndani ndivyo vinavyokopiwa. Akaiformati flashi kwa mpangilio wa FAT32, tukafungua ISO, tukakopi. Faili moja, install.wim, likagoma: eti kubwa mno kwa flashi hii. Kubwa mno kivipi? Lina GB 4 na kitu, flashi ina 64! Tukabonyeza ruka. HP ikawaka, likaja lile dirisha la zambarau la kuchagua lugha, nikapiga kigelegele mpaka dada wa duka la jirani akatoka nje. Mbele kidogo ikasema haioni cha kusakinisha.

Jumatatu akaleta programu inaitwa Rufus. Ilijaza mstari wote wa kijani, ikasema tayari. Nikachomeka kwenye HP, nikabonyeza Esc halafu F9. Flashi haipo kwenye orodha ya vifaa vya kuwashia. Haipo kabisa, kama sijachomeka kitu. Tukarudia Rufus mara mbili, hivyo hivyo.

Jana tukatumia kile kiprogramu cha Microsoft wenyewe cha kutengenezea flashi, kinashusha kila kitu upya, bando lingine hilo. Hapo HP ikawaka vizuri, ikaiona SSD, ikaanza kunakili. Asilimia 71 ikasimama. 0x80070570. Nikaanza upya, 71. Nikaanza tena leo jioni, 71.

Ijumaa kuna watu watano wanataka tafiti zao zimefungwa, maana Jumatatu wanakabidhi. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe.

FundiIgoma
Jumatano, saa 4:40 usiku

Dada hiyo ni RAM. Hakuna kingine. Fungua nyuma, itoe, isugue pale kwenye meno ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe. Ukishindwa lete Igoma, elfu 15 unaondoka na Windows na Office ndani.

Nyakato_1
Jumatano, saa 5:03 usiku

Kwanini unahangaika na 10? Ilishakufa Oktoba 14, 2025, Microsoft wameacha kuihudumia. Weka 11 tu mambo yaishe.

KirumbaMwaloni
Alhamisi, saa 1:25 asubuhi

Dada wa Nyegezi, pole, na hongera kwa kuandika kila hatua. Watu wengi huja hapa na "kompyuta yangu imegoma, nisaidieni", halafu kazi ya kutabiri tuifanye sisi.

Nianze na mdogo wako aliyecheka, maana ulichofanya Jumapili kila mtu amekifanya siku yake ya kwanza, na yeye pia, mwulize. Kompyuta ikiwashwa, programu iliyo kwenye bodi, inaitwa UEFI, haijui ISO ni nini. Inachotafuta kwenye flashi ni folda inaitwa EFI, ndani yake BOOT, ndani yake faili moja dogo, BOOTX64.EFI. Ikilikuta inalikabidhi usukani. Isipolikuta inaandika 3F0 na kukaa kimya. Ulipokopi ISO nzima, hilo faili lilikuwemo, ila ndani ya gunia lililoshonwa mdomo. Bodi haishonoi magunia.

La pili, install.wim. Mdogo wako aliiformati flashi kwa FAT32, na mpangilio huo hauruhusu faili moja kuvuka baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 kasoro baiti moja. Flashi iwe ya 64 au ya 512, ukomo wa faili moja ni huo huo. Na FAT32 ndiyo ambayo UEFI yoyote lazima iisome. Hapo ndipo watu wanakwama: kompyuta inataka FAT32, Windows inataka faili linalozidi FAT32. Mlivyobonyeza ruka, mliruka Windows yenyewe. Hilo faili ndilo Windows, mengine yote ni wapambe.

Hapo ndipo kazi ya Rufus. Inaipanga flashi kwa mpangilio mwingine, NTFS, ili faili kubwa liingie, halafu inaweka kipatisheni, yaani kipande kidogo cha flashi kilichotengwa, cha MB 1 hivi, cha FAT, chenye kidaraja cha kuifundisha UEFI kusoma NTFS. Kiprogramu cha Microsoft kinakwenda njia nyingine: kinabaki na FAT32 ila kinalibana lile faili liwe install.esd, lipungue chini ya GB 4.

Sasa sikiliza vizuri, maana usingizi umenitoka kwa ajili ya hili. Hicho kidaraja cha Rufus kinakaa wapi? Mwishoni mwa flashi. Mkiani kabisa. Kwa flashi yako ni huko kwenye GB ya hamsini na ngapi. Na HP inasema haioni flashi. Halafu njia ya Microsoft, ambayo inajaza kuanzia mwanzo, inawaka vizuri, inakwenda, inakwenda, inafia pale pale 71 kila mara. Hiyo 0x80070570 tafsiri yake ni kwamba faili limeharibika, halisomeki.

Fundi wa Igoma, RAM mbovu inaweza kuleta 0x80070570, hapo sikupingi. Lakini RAM mbovu haichagui asilimia, leo itafia 30 kesho 85. Na RAM ya HP haiwezi kuifuta flashi kwenye orodha ya F9 ikiwa imetengenezwa na Rufus, halafu ikairudisha ikiwa imetengenezwa na Microsoft.

Kabla sijamtaja mtuhumiwa wangu, naomba mambo matatu.

Moja, RAM tuitoe kwenye kesi kwa haki. Washa HP, Esc, halafu F2, kuna vipimo vya HP wenyewe, chagua kumbukumbu, ndiyo hiyo RAM. Haihitaji flashi wala Windows. Iache ifanye kazi, wewe toa kopi.

Mbili, lile faili la ISO ulilolishusha kwa simu, tuone kama lilifika zima. Kwenye laptopu ya mdogo wako fungua dirisha jeusi la amri, nenda folda lilipo, andika:

certutil -hashfile jina_la_faili.iso SHA256

Itakupa mlolongo wa herufi na namba 64. Linganisha na ule uliopo kwenye ukurasa wa Microsoft ulikolitoa. Usiangalie nne za mwanzo na nne za mwisho kama namba ya wakala, angalia wote.

Tatu, hiyo flashi ya GB 64 ulinunua wapi na shilingi ngapi?

Nyakato_1, mashine ya kizazi cha nne haimo kwenye orodha ya Windows 11, wanaanzia Intel kizazi cha nane na TPM 2.0, chipu ya usalama. Rufus inaweza kumpitisha dirishani, ndiyo, lakini kwa RAM GB 4 atarudi kwenye soda. Windows 10 ina mpango wa kuongezewa viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, unajiunga kwenye ukurasa wa masasisho ndani ya Windows yenyewe. Kwa steshenari iliyokwama na tafiti tano, kwanza iwake.

SteshenariNyegezi
Alhamisi, saa 7:50 mchana

Kaka ubarikiwe. Nimesoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti.

RAM nimeipima kwa F2. Ilichukua muda, imefaulu, imeandika kabisa imefaulu. Fundi Igoma samahani, kifutio nilishakinunua, nitafutia penseli.

Mlolongo wa SHA256 mdogo wangu alikuwa anasoma herufi kwenye laptopu, mimi nafuata kwenye simu kwa kidole. Zote 64 ziko sawa. Mteja mmoja alikuwa amesimama dirishani anadhani tunahesabu pesa za kikoba.

Flashi nilinunua mjini kwenye meza ya barabarani, elfu nane. Ilikuwa elfu kumi, nikaongea naye.

KirumbaMwaloni
Alhamisi, saa 8:05 mchana

Elfu nane. GB 64. Na ulipunguziwa.

Dada, kuna mtu anakaa Mwaloni hapa anauza gunia la dagaa. Juu dagaa weupe, wamenyooka, wamekauka. Kati wameanza kuvunjika. Chini mchanga. Mnunuzi mgeni anaangalia mdomo wa gunia anapakia kwenye gari. Mwenyeji anaingiza mkono mpaka kitako.

Flashi yako nadhani ni gunia hilo. Ndani kuna chipu ndogo, GB 4 au 8, na kidhibiti chake kimefundishwa kusema uongo kwamba kina 64. Ukiiandikia kitu zaidi ya ukubwa wake wa kweli haikatai. Inapokea, inasema tayari, inatupa. Majina ya mafaili unayaona, ukubwa unauona, ndani hamna kitu. Rufus iliweka kidaraja mkiani, mkia haupo, ndiyo maana F9 haikuona kitu. Microsoft wakajaza kuanzia mwanzo, ya mwanzo yakakaa kwenye chipu ya kweli, install.esd likakatika kiunoni. Kila ukifika hapo kwenye kiuno, 71.

Lakini huo ni mdomo wa gunia tu, tuingize mkono. Kuna kiprogramu kinaitwa H2testw, cha bure, kidogo sana. Kwanza formati flashi. Halafu chagua flashi, na usikiambie kijaze yote maana kwa flashi ya aina hiyo utakesha. Kuna sehemu ya kuandika kiasi, andika 12000, yaani MB 12,000. Kitaandika, halafu kitasoma kilichoandika na kulinganisha. Hapo pa kusoma ndipo tofauti ilipo, programu nyingi zinaandika na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Wakati kinafanya kazi tafuta flashi nyingine unayoijua, iliyozeeka ni bora kuliko mpya. GB 8 inatosha.

MwlKisiwani
Alhamisi, saa 11:30 jioni

Nawasalimu kutoka Nansio. Nimeingia kwa sababu dada amesema kompyuta ni moja na ya pili ni ya kuazima, na huo ndio msiba wetu huku Ukerewe. Kuvuka kwenda Mwanza kwa ajili ya kutengenezewa flashi ni nauli, ni siku nzima, na ukikuta ziwa limechafuka unalala mjini.

Ninafundisha sekondari. Maabara yetu ina kompyuta kuukuu, mwaka juzi zilibaki mbili hai, halafu ikabaki moja, halafu siku moja asubuhi hakuna. Sikuwa na kompyuta ya kutengenezea flashi ya kutengenezea kompyuta. Nilitumia simu. Kuna programu ya Android inaitwa EtchDroid. Unachomeka flashi kwenye simu kwa waya wa OTG, unachagua ISO, inamimina. Haihitaji kuvunja ulinzi wa simu. Simu iwe na chaji ya kutosha, nawe usiishike shike, maana ukitikisa waya katikati unaanza upya. Mimi niliilaza juu ya Kamusi, nikakaa pembeni naangalia kama nasubiri ugali uive.

Angalizo moja kubwa: usiitumie kwa ISO ya Windows. ISO za Linux, ule mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows, nyingi zimetengenezwa ziweze kumiminwa zilivyo, baiti kwa baiti, flashi ikageuka kuwa nakala ya ISO. Ya Windows haikutengenezwa hivyo, ukiimimina itamalizika vizuri na haitawaka. Ndiyo maana Windows ina Rufus na Linux ina njia nyingi. Mimi niliweka Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi, ISO yake ni kama GB 3, na zile mashine zenye RAM GB 2 zinatembea. Wanafunzi hawakuuliza hata siku moja Windows ilikwenda wapi, waliuliza tu mchezo wa karata umekwenda wapi.

Na kama kuna anayetumia amri ya dd kwenye Linux kumimina ISO, nawaombeni muandike kwanza lsblk, amri ya kuorodhesha diski na flashi zote, na msome kwa utulivu. Mimi niliandika sda badala ya sdb. Herufi moja tu. sdb ilikuwa flashi, sda ilikuwa diski yenye alama za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, mikondo mitatu. dd haiulizi "una hakika, mwalimu?" Ilifuta kimya kimya. Nilisahihisha upya, karatasi mia na kitu, kwa taa ya sola, na sikumwambia mtu sababu. Ninyi ndio wa kwanza kujua.

KirumbaMwaloni
Alhamisi, saa 11:52 jioni

Mwalimu, hiyo ya sda imeniuma kama yangu. Mimi siku hizi kabla ya dd nachomoa flashi, naandika lsblk, naichomeka, naandika tena. Iliyoongezeka ndiyo yenyewe.

Nyakato_1
Alhamisi, saa 12:10 jioni

Kuna Ventoy pia. Unaiweka kwenye flashi mara moja tu, baada ya hapo ISO unazikopi kama nyimbo, ya Windows, ya Mint, zote humo humo, ukiwasha inakupa orodha uchague. Yaani kile alichofanya dada Jumapili, kwa Ventoy kingekubali.

SteshenariNyegezi
Alhamisi, saa 12:31 jioni

Sasa Nyakato ndiyo unaniambia leo!

KirumbaMwaloni
Alhamisi, saa 12:40 jioni

Ventoy ni nzuri, ninayo mfukoni muda huu. Lakini nayo inaweka patisheni yake ndogo mkiani mwa flashi, kwa hiyo kwenye gunia la mchanga ingezama vile vile. Majibu ya H2testw vipi dada?

SteshenariNyegezi
Ijumaa, saa 5:20 asubuhi

Wakuu, nimekaa kwenye kiti, nimekunywa chai, naandika kutoka kwenye ProBook. Windows 10 Pro. Inawaka kabla sijamaliza kuvuta stuli.

H2testw tulianza jana saa 1 usiku. Saa 1 na nusu umeme ukakatika, na laptopu ya mdogo wangu betri yake ni pambo. Umeme ulirudi saa 3. Tukaformati, tukaanza upya. Ilikuwa inaandika kwa kujikongoja, mdogo wangu akasinzia, mimi nikapika. Ilipoanza kusoma mwanzoni kila kitu sawa, nikaanza kuionea huruma hiyo flashi nikasema labda tumeisingizia. Kisha maandishi yakageuka mekundu. GB 3.7 nzima, zilizobaki zote zimepotea. Kati ya 64. Sijui hata hiyo 7 waliiweka ya nini.

Flashi nyingine niliyokuwa nayo ni ya kwaya yetu, GB 16, imechubuka mpaka jina halisomeki, imezunguka kwenye sherehe zote za Nyegezi. Mwalimu wa kwaya alinikabidhi Jumapili nimprintie maneno ya wimbo. Nilikopi nyimbo zote kwanza kwenye laptopu, halafu kwenye simu, halafu nikahesabu, 212 huku na 212 kule, ndipo nikamruhusu mdogo wangu abonyeze kile kitufe cha Rufus. Mkono ulikuwa unanitetemeka zaidi ya siku ya harusi yangu. ISO ni ile ile ya Jumapili, sikushusha tena.

Esc, F9. Ikaja, mstari wa kwanza, na neno UEFI mbele yake. Asilimia 71 nilifumba macho. Nilipofumbua ilikuwa 84.

Nililikosea moja la mwisho. Ilipojizima na kuwaka upya ikarudi tena kwenye dirisha la lugha, nikadhani imefuta yote. Mdogo wangu akachomoa flashi, ikaendelea na safari yake. Andikeni na hilo kwa wengine: ikijizima mara ya kwanza, chomoeni.

Ilipoomba namba ya leseni nilibonyeza kwamba sina, nikachagua Pro kama iliyokuwepo kwenye diski ya zamani. Nilipoiunganisha na intaneti ikajitambua yenyewe, inasema imeshawezeshwa. Kwani inajuaje?

Tafiti mbili zimeshatoka. Tatu nazifunga mchana.

KirumbaMwaloni
Ijumaa, saa 5:34 asubuhi

Leseni imefungwa na bodi, haijafungwa na diski. Ulibadilisha diski, bodi ni ile ile, ndiyo maana imekutambua. Ungechagua Home ingekukana.

Diski ya zamani usiiache kwenye bahasha. Nunua kikasha cha USB uitumie kama akiba ya kazi za watu. Ila tulia, usiichomeke leo ukiwa na haraka, na usibonyeze chochote kitakachokuambia diski inahitaji kuformatiwa.

Hiyo ya 64 umeipeleka wapi?

SteshenariNyegezi
Ijumaa, saa 2:15 usiku

Nimeirudisha. Nilipita mjini kuchukua karatasi, nikamkuta kwenye meza ile ile, flashi zimepangwa kama sato. Nikamwambia kaka, hii uliniambia 64, nimepima ina 3.7, nimepoteza siku nne. Hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza nilikuwa naifanyia nini. Nikamwambia nilikuwa napiga Windows.

Akaichukua, akaigeuza geuza, akanirudishia elfu tano akisema elfu tatu ni ya matumizi. Halafu akaipangusa kwa shati, akairudisha pale pale kwenye mstari.

"Dada, si ungesema mapema. Hii ni ya nyimbo."